Paka Ambaye Sikumzungusha

Chumba changu cha Lindi, kule Kibera, hakikuwa na dirisha, kwa hivyo asubuhi nilikuwa naijua kwa masikio. Kabla redio yoyote haijawashwa, jirani yangu aliyekuwa akiuza mandazi alianza kuchekecha unga. Ukuta kati yetu ulikuwa wa udongo, mwembamba hivi kwamba akipiga chafya nilimwambia pole nikiwa bado kitandani, naye akanijibu asante. Shii, shii, shii, unga ukishuka kwenye beseni. Nikisikia hivyo nilijua kumekucha, nami nikanyoosha mguu kumtafuta paka mwisho wa blanketi.

Paka hakuwa na jina. Alikuwa wa rangi ya jivu, kifua cheupe, sikio moja limechanika kama karatasi ya tiketi. Alikuja mwenyewe siku ya mvua, mdogo wa kulala ndani ya kiatu changu cha mjengo, na asubuhi nilipotaka kuvaa kiatu ndio tukajuana. Kiatu kile sikukivaa siku hiyo. Nilienda kazini na ndala, msimamizi akanifukuza, nikarudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani. Nilikuwa kijana wa namna hiyo. Shule niliiacha kidato cha pili, kibarua nilikipata leo nikakikosa kesho, lakini kichwani nilikuwa nimeshafungua duka langu la kuandika mabango, na hata herufi za bango la mlangoni nilikuwa nimezichagua: kubwa, nyekundu, zenye kivuli cha bluu.

Alipokua, paka akawa mfanyakazi kuliko mimi. Ploti yetu ilikuwa na panya wasioogopa mtu. Walikula sabuni, walikula mishumaa, usiku mmoja walikula kisigino cha soksi nikiwa nimeivaa. Basi pale kwetu kulikuwa na desturi ambayo sijui ilianzishwa na nani: paka aliazimwa. Jioni, jirani aliyesumbuliwa na panya alikuja mlangoni na omena, vile visamaki vya ziwani, kwenye kisahani. Hukumkabidhi mtu paka mkononi. Aliyeazima aliweka kisahani sakafuni kwake, paka akafuata harufu mwenyewe, mlango ukafungwa mpaka asubuhi. Asubuhi hukusema asante, ulisema tu "amefanya", ukimwachilia. Ukisema asante, ati paka anaringa na haji tena.

Aliyemwazima zaidi ni yule mama wa mandazi, kwa sababu ya gunia lake la unga. Alikuwa ametoka Kitui miaka mingi nyuma, mjane, mnene, mwepesi wa maneno. Mimi nimetoka upande wa ziwa, na alikuwa akinitania kwamba watu wa kwetu wanampenda paka kwa sababu wote wawili wanafuata samaki.

"Na nyinyi?" nikamuuliza.

"Sisi tunampenda kwa kazi. Paka si wa kubebwa kama mtoto. Ona vile umemharibu, anakohoa kama mzee wa kanisa."

Hakuwa anakohoa. Alikuwa anahema. Hilo ndilo nililoanza kuliona mwaka ule. Mbwa wa keateka, yule msimamizi wa ploti, alimkimbiza siku moja, kitambo kidogo tu kutoka bombani mpaka mlangoni kwangu, na paka alipoingia alilala ubavu, mdomo wazi, ulimi nje. Nilijua mbwa huhema hivyo. Paka sikuwa nimewahi kumwona. Nilimwekea maji hakunywa. Nilikaa chini karibu naye nikimwambia mambo ya duka langu, vile nitamwekea kiti chake mwenyewe, mpaka mdomo ukafunga.

Jumamosi moja wakaja wanafunzi wa udaktari wa mifugo kule Silanga, mtaa wa chini yetu, kwenye uwanja wa kanisa, kudunga mbwa chanjo ya kichaa. Niliazima kiondo cha mama wa mandazi, kikapu chake cha kusuka, nikaweka paka ndani, nikashuka. Foleni ilikuwa ya mbwa watupu, wamefungwa kwa waya, kwa kamba ya katani, mmoja kwa tai ya shule. Vijana wakaanza.

"Niaje beste, umeleta mboga?"

"Huyo ni mbwa wa size gani?"

"Manze, hiyo kiondo inaguna!"

Nilicheka nao. Paka alikuwa amejikunja chini, moyo wake naugusa kwa kiganja kupitia kiondo, unakimbia.

Mwanafunzi aliyetupokea alikuwa wa rika langu, koti jeupe limemzidi mikono. Aliweka ile mipira ya kusikilizia masikioni, akagusa kile kichuma kwenye kifua cheupe cha paka. Akasikiliza. Akasogeza kidogo. Akasikiliza tena, kisha akamwita mwalimu wake, mama mmoja mwembamba aliyevaa gambuti za mpira. Mwalimu naye akasikiliza, macho ameyafunga, na mbwa wote wale wakibweka.

"Anachoka haraka?" akaniuliza.

"Anachoka, daktari. Akikimbizwa anafungua mdomo."

"Moyo wake una sauti ya ziada. Ndani ya moyo kuna vilango. Kimoja hakifungi vizuri, damu inapita halafu ingine inarudi kidogo. Hiyo inayorudi ndiyo inapiga hiyo sauti. Unataka kusikia?"

Sikutegemea kuulizwa hivyo. Aliniwekea mipira masikioni mwenyewe, kwa upole, kama mtu anayemvika mtoto kofia. Mara ya kwanza nilisikia tu mbwa. Halafu nikasikia. Tub-shii. Tub-shii. Tub-shii. Nikashtuka, kwa sababu sauti ile niliijua. Ilikuwa ni mtu anachekecha unga chumba cha pili.

"Itapona?"

"Haiponi. Lakini anaweza kuishi nayo. Asikimbizwe, asishtuliwe, asibebeshwe kazi ngumu."

"Kazi yake ni panya."

Mwalimu akanitazama, nikaona anataka kucheka, na hakucheka. "Basi apunguze panya," akasema. "Siku ukiona anapumua kwa tumbo, hata akiwa amelala, njoo kwetu chuoni uulize. Kuna dawa ya kutoa maji kwenye mapafu. Haitengenezi moyo, lakini inampa nafasi."

Nilipanda kutoka Silanga polepole sana, nimekumbatia kiondo kwa mikono miwili, nikiruka mitaro kama nimebeba mayai. Nilikuwa na huzuni, lakini nilijiambia kuishi nayo ni kuishi, na mimi nilikuwa mzuri sana wa kujiambia maneno. Kufika mlangoni nilikuwa nimeshapanga: paka anastaafu.

Kuwaeleza majirani ikawa kazi. Kulikuwa na bawabu mmoja, mtu wa kwetu upande wa ziwa, aliyefanya kazi ya kulinda usiku huko Kawangware na mchana akilala chumba cha tatu. Alitoka na mswaki mdomoni.

"Ugonjwa wa moyo? Paka? Kwani anawaza nini, rent?"

"Ni kilango hakifungi."

"Hata changu hakifungi, na keateka anakataa kutengeneza."

Watu walicheka mpaka wakashika ukuta. Mama wa mandazi hakucheka. Alipiga magoti, mnene vile, akaweka sikio kwenye ubavu wa paka.

"Mimi sisikii kitu."

"Sikiza vizuri, mama. Ni kama wewe unachekecha."

"Usinifananishe na ugonjwa, wewe kijana." Alinyanyuka akijishika goti. "Na unga wangu nitauambia nini?"

Nilikataa kumwazima. Jioni zilizofuata kisahani cha omena kilikuja mlangoni nami nikakirudisha, na kila mara ilikuwa kama nimemtukana mtu. Panya wakajua. Walitoboa gunia la mama wa mandazi pembeni, unga ukamwagika ukutani mpaka upande wangu. Hakunigombeza. Asubuhi nilisikia tu akichekecha muda mrefu kuliko kawaida, akitoa mavi ya panya, na hiyo ilinikalia vibaya kuliko matusi. Halafu nikagundua jambo. Paka mwenyewe alikuwa anaenda. Nikilala, alipenya chini ya mlango wa mama wa mandazi, na asubuhi nilimkuta juu ya gunia, amelala usingizi mzito, na mama anafanya kazi pembeni yake bila kumgusa.

"Sijamwita," alisema. "Amekuja mwenyewe. Na sijasema asante."

Ndipo nikapata kazi Kawangware. Fundi mmoja wa mabango alikuwa na kibanda pale kituo cha matatu cha 46, na aliponiona nimesimama muda mrefu nikimtazama akiandika neno "KINYOZI", aliniuliza kama nimepotea. Nikamwambia herufi ya Y imelala. Akarudi nyuma, akaitazama, akanipa brashi. Ndivyo nilivyoanza, na nilitembea kutoka Lindi kila siku mpaka viatu vikaisha, kisha nikatafuta chumba kule.

Chumba nilichokipata kilikuwa kidogo kuliko cha Lindi, lakini kilikuwa na dirisha. Dirisha la kweli, la mbao, linafunguka nje kwenye jua la asubuhi, chini yake ukuta wa jirani na mti wa parachichi. Nilipolifungua mara ya kwanza sikujiona mimi pale. Nilimwona paka amekaa pale, mzee, mguu umekunjwa, jua kwenye kifua. Hakuna panya, hakuna mbwa wa keateka. Siku zake zilizobaki, ziwe ngapi, atazimaliza akiota jua. Nililipa chumba kwa sababu ya paka. Nilijua watu watanicheka nikisema, kwa hivyo nilisema ni karibu na kazi.

Siku ya kuhama, mama wa mandazi alitoka na gunia tupu.

"Mtie humu," akasema.

"Nimeomba kiondo, mama."

"Kiondo chukua, ni chako. Lakini kwanza mtie kwa gunia umzungushe. Mzungushe mpaka asijue mlango uko upande gani. Halafu ufunge, asione njia. Ukimfungua huko, mpake mafuta kwa miguu. Paka hahamishwi hivi hivi. Kwetu hata mtoto anajua."

Kwetu pia mtoto anajua. Nyumbani nilishaona mjomba akizungusha gunia kichwani kama mtu anayefukuza ndege, paka ndani analia, na kweli paka yule hakurudi alikotoka. Nililishika gunia. Nikaweka kiganja kwenye kifua cha paka na kusikia ule mwendo, tub-shii, tub-shii, na nikaona gunia likizunguka.

"Mama, moyo wake hautaweza."

"Zungusha pole pole."

"Siwezi."

"Basi atarudi."

"Na huo moyo? Atarudi na nini? Hapa mpaka bombani anahema."

Bawabu, aliyekuwa ananisaidia kufunga kitanda kwenye mkokoteni, akasema, "Mama, wacha mgonjwa aende na ambulansi yake." Mama wa mandazi akakunja gunia, akalikunja tena, akaliweka kwapani. Akatikisa kichwa. Alimkuna paka nyuma ya lile sikio lililochanika, akaingia ndani.

Tulienda kwa miguu, bawabu akivuta na mimi nikisukuma kwa mkono mmoja, kiondo begani. Paka alianza kulia tulipovuka reli. Nilikuwa nimekifunika kiondo kwa shuka, na kilio kile kikanishinda. Nikaitoa shuka. Akatoa kichwa, akanyamaza. Njia nzima akawa hivyo, kichwa nje, macho yamefunguka, anageuka huku na huku, nami kwa furaha ya kuhamia kwenye dirisha nikawa namwonyesha dunia. Hapa ni Makina. Ile ni Ngong Road, usiangalie magari. Pale wanauza viti. Hapo kona, shika kulia. Karibu Kawangware, mzee. Bawabu alikuwa anacheka, akisema ninafundisha paka kazi ya makanga wa matatu.

Alikaa dirishani. Hilo nalishukuru mpaka leo, kwamba nilimwona amekaa vile vile nilivyokuwa nimemwona kichwani, mguu umekunjwa, jua kifuani. Lakini hakuangalia jua. Nilipenda kusema anaangalia ndege kwenye mparachichi, na ndege walikuja, na hakuwajali. Alikaa ameelekeza masikio mbali. Asubuhi chumba kilikuwa kimya. Upande wa pili aliishi mtu aliyetoka mapema na kurudi akiwa amechoka, na ukuta ulikuwa wa mawe. Sikuwa nimefikiria kwamba kimya kinaweza kumsumbua mtu. Mara mbili tatu niliamka nikanyoosha mguu, nikamkuta paka amesimama mwisho wa blanketi, sikio lake zima kwenye ukuta.

Kisha asubuhi moja mguu wangu haukugusa kitu. Dirisha lilikuwa wazi, kwa sababu nililiacha wazi kwa ajili yake.

Nilimtafuta kwa jirani, kwenye parachichi, nyuma ya bucha, sokoni chini ya meza za samaki. Nilikuwa naita "pspsps" kama mtu aliyerukwa na akili. Wanaume waliokuwa wakicheza drafti wakaniuliza nimepoteza nini.

"Paka."

"Tafuta bibi, wacha paka!"

Mchana nilimwomba fundi kipande cha bati. Niliandika kwa haraka, na bado ndilo bango langu la kwanza peke yangu kutoka mwanzo hadi mwisho: PAKA WA KIJIVU AMEPOTEA. ANA UGONJWA WA MOYO. AKIONEKANA ASIKIMBIZWE. Fundi alilisoma mdomo ukicheza. Alichukua brashi, nikadhani anafuta, kumbe anainyoosha ile Y iliyokuwa imelala, kisha akalipigilia misumari yeye mwenyewe pale njia panda. Watu walisimama kulisoma na kucheka kwa siku kadhaa. Kuna mtoto aliniletea paka wa manjano. Mwingine akaniletea wa kijivu, lakini jike, ana mimba. Niliwaambia asante wote. Nilianza kuamini amelala mahali chini ya kitu, mdomo wazi, na mimi sipo wa kumwambia habari za duka.

Bawabu ndiye aliyekuja kibandani, ametoka lindo, macho mekundu. Alisimama akasoma bango langu mpaka mwisho.

"Hili unaweza kutoa," akasema.

Brashi ikaniponyoka.

"Usinitazame hivyo, bana. Yuko hai. Mzee wako yuko nyumbani. Yuko juu ya gunia la mama."

Nilikimbia. Kutoka 46 mpaka kona, Ngong Road, Makina, reli, njia ile ile niliyomfundisha, na kila mahali nilipoona mbwa au lori nilijiuliza alipita vipi hapa, kwa moyo ule, mtu ambaye bombani tu anahema. Niliona mitaro ambayo mimi mwenyewe niliiruka kwa shida. Mahali pengine nilisimama kwa sababu ya pumzi, nikashika magoti, mdomo wazi, na nikajiona.

Mama wa mandazi alikuwa amekaa kwenye kigoda anachekecha. Paka alikuwa juu ya gunia, amekonda, ngozi ya miguu imepasuka, mavi ya mtaro yamekauka kwenye mkia. Mama alikuwa amempaka mafuta ya kupikia kwenye nyayo.

"Nilikuambia," akasema bila kuniangalia.

"Uliniambia, mama."

"Amekuja juzi. Nilisikia kitu kinakwaruza mlango. Nikadhani ni wewe, hujalipwa mshahara."

Paka alinyanyua kichwa akaniona. Alijaribu kusimama, akaona si lazima, akakirudisha chini. Nikaweka kiganja. Tumbo lake lilikuwa linaenda juu na chini, haraka, kama mvukuto wa fundi chuma, na amelala. Kwa hivyo siku ile ya mwalimu wa gambuti ilikuwa imefika.

"Namrudisha," nikasema. "Nampeleka chuoni, wana dawa."

Mama aliweka chekeche chini. "Utampeleka na nini?"

"Na kiondo."

"Njia hiyo ameitembea na amebaki hivi. Ukimtoa hapa, atafika? Na akifika, umpeleke tena kwa hilo dirisha lako? Kijana, hakukuja hapa kutembea. Amekuja kukaa."

Nilitaka kubishana. Nilikuwa na maneno mengi, chumba chenye jua, mti, ukuta wa mawe usiopitisha panya. Nilimtazama amelala pale, pua yake karibu inagusa mkono wa mama uliojaa unga. Alikuwa paka wangu. Nikamwacha.

Chuoni nilienda peke yangu. Yule mwalimu hakunikumbuka mpaka nilipotaja kiondo. Nilimweleza alivyotembea kutoka Kawangware mpaka Kibera, naye akasema kwamba moyo mwingine unashangaza. Alinipa vidonge vidogo vyeupe vya kukatwa vipande, akanionyesha jinsi ya kukata kwa wembe. Akasema ni vya kumpunguzia, si vya kumponya, nisiende nyumbani nikijidanganya.

Nilienda nyumbani nikijidanganya. Kwa muda dawa ilifanya kazi kweli. Tumbo lilitulia, akala omena, akajilamba mkia ukawa safi, na Jumapili moja nilimkuta mlangoni akimtazama mbwa wa keateka kwa dharau. Nilikuwa nikitoka kazini Jumamosi naenda moja kwa moja Lindi, nalala kwa bawabu, kitanda kikiwa wazi kwa sababu yuko lindo, na asubuhi naamshwa na unga. Mama ndiye aliyempa dawa siku zingine, ndani ya kichwa cha omena. Aliniambia kwa hasira kwamba yeye hajawahi kumpa dawa hata kuku. Panya walikuwa wanapita mbele ya paka, naye anawatazama kama mtu aliyestaafu, na mama hakusema kitu kuhusu panya hata mara moja. Unga wake aliuhamishia kwenye debe lenye kifuniko. Gunia alimwachia paka, akalijaza nguo kuukuu.

Ilikuwa Jumapili mchana, watu wametoka kanisani, viatu vya watoto bado vinang'aa. Mama alikuwa anachekecha unga wa kesho. Paka hakuwa amegusa omena tangu asubuhi, na pumzi ilikuwa imerudi tumboni. Nililala chini kando ya gunia, nikaweka sikio langu kwenye kifua cheupe. Nilisikia sauti mbili, ya chekeche na ya moyo, na kwa muda zilikuwa zinakimbizana hata sikuweza kusema ipi ni ipi.

"Unasikia nini?" mama akauliza.

"Siwezi kujua. Ni kama wewe."

Akaacha kuchekecha, ili nisikie vizuri.

Nilikaa vile vile. Nje mtu alikuwa anaburuta debe la maji. Mama alinisubiri, mikono imesimama hewani juu ya beseni, nyeupe mpaka viwikoni. Baadaye, sijui baada ya muda gani, aliinama naye, goti likamlia, akaweka sikio pale nilipotoa langu. Siku ile ya kwanza alisema hasikii kitu. Safari hii alimfunga paka macho kwa kidole, akamwachia unga kidogo kwenye kope.

Tulimzika Silanga, kwenye kishamba cha sukuma wiki ambacho mama alikuwa analima karibu na bwawa. Bawabu alikuja na jembe, hajalala, na hakutoa utani wowote njiani. Nilimbeba kwenye lile gunia lake. Halikuwa na uzito wa kitu. Shimo lilipokuwa tayari, mama alisimama akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba:

"Sasa mzungushe. Huko anakoenda akae atulie, asihangaike na njia tena."

Niliona anasema kwa upendo. Nililishika gunia mdomoni kwa mikono miwili. Bawabu akarudi nyuma kunipa nafasi.

"Hapana, mama," nikasema. "Wacha ajue njia."

Akanitazama. Kisha akatikisa kichwa vile vile kama siku ya kuhama, akapiga magoti, akanisaidia kumshusha chini, uso wake ukiangalia Lindi.